Kipande Alichokiacha

Rafiki yangu wa maabara alifariki akiwa ameacha nusu ya protini. Nusu nyingine ilikuwa yangu. Tulikuwa tunajenga kwenye kompyuta umbo la protini moja ya kimelea cha malaria, na kwa kuwa ni ndefu kama kesi ya shamba, tuligawana: mimi kichwa, yeye mkia. Kila mmoja alijenga kipande chake kwenye faili yake. Kuviunganisha ndiyo ilikuwa kazi ya mwisho.

Ukifungua faili mbili kama hizo pamoja, vipande havikutani. Kila kimoja kinakaa palepale mwenyewe alipokiacha, hata kama ni mbali na mwenzake. Lazima uiambie programu kipi kisogee na kipi kitulie, nayo itatafuta pingili ya katikati mliyoijenga wote wawili na kuilaza moja juu ya nyingine. Katika majaribio yetu kilichosogea siku zote kilikuwa chake. Niliandika amri hiyo bila hata kufikiri.

"Bosi haiko anaamka kwenye kiti," alinitania kwa Kiswahili chake cha Bujumbura. "Watu ndiyo wanamufuata."

Nami, niliyekulia Tanzania na kujiona mjuzi wa kila kitu, nilimwambia aache maneno, kisayansi haina tofauti yoyote.

Kisha gari likamgonga akitoka kazini Masoro. Watu wakaniambia ni mapenzi ya Mungu, nikawachukia wote. Katika ikiriyo, zile siku za kukaa na wafiwa, mama yake alinishika mkono.

"Mwanangu alikuwa anarudi na macho mekundu juu ya hiyo kompyuta," alisema. "Unionyeshe ile kitu alikuwa anafanya. Nataka kuiona imekwisha."

Nikamwahidi, na tangu hapo sikuwa na jambo jingine kichwani.

Baada ya wageni kupungua nilikwenda kwake, mtaa wa Gitega, na kompyuta yangu. Kazi ya kuunganisha nilikuwa nimeiacha makusudi, niifanye mbele yake. Tukakaa kwenye kochi, nikafungua faili zote mbili. Changu, cha buluu, kilijaa katikati ya skrini. Chake kilikuwa pembeni kabisa, kidogo.

"Ya mwanangu ni gani?"

"Hii ya rangi ya chungwa, mama."

"Mbona iko peke yake kule?"

"Ndipo alipoiacha. Sasa ninaileta huku kwangu."

Vidole vyangu vilikwisha kuanza ile amri ya siku zote. Akaweka kiganja juu ya mkono wangu.

"Oya, mwana wanjye," alinikataza kwa lugha yake. "Umuache, amechoka. Wewe ndiyo uende."

Ningeweza kumweleza kwamba zile ni namba tu, kwamba umbo linatoka lilelile. Kwa mwanawe nilikuwa na jibu hilo kila siku. Nikafuta amri, nikageuza mpangilio wa majina ya faili, nikabonyeza. Kipande changu kikaondoka katikati kikaenda kule pembeni, kikalala kwenye chake, pingili juu ya pingili, bila kukwaruzana popote. Alikuwa amefanya kazi safi sana, na hakuwepo aione. Nikalia mbele ya mama yake, mimi niliyekwenda kumfariji.

"Sasa iko pamoja?" aliuliza.

"Iko pamoja, mama."

Akasogea karibu, akapitisha kidole juu ya rangi ya chungwa toka mwanzo mpaka mwisho, polepole. Nikahifadhi faili, nikamuuliza kama nifunge.

"Wacha kidogo."

Betri ilianza kulia. Chaja nilikuwa nimeisahau kazini. Tukakaa hivyohivyo, tukimtazama mpaka skrini ikazima yenyewe.