Pembe ya Kushoto

Watu walipokimbia mabomu, ng'ombe mmoja aliachwa barabarani. Mama mmoja muuza maziwa wa Masisi akamfunga, akamtangaza kupitia radio yetu. Juzi nikakuta ofisini kundi la wanaume, kila mmoja akidai ng'ombe ni wake, ameshika kipaji cha uso upande wa kushoto, kuonyesha pembe iliyovunjika kama tangazo lilivyosema.

Fundi wa kompyuta alikuwa anajisifia mtambo mpya wa matangazo. "Mama, tangazo iko fasi moja tu. Nikibadilisha hapa, inabadilika ku radio, ku site, ku telefone zote."

"Basi andika kuume," Mama akamnong'oneza.

Simu za wanaume zikalia kwa tangazo jipya. Mikono ikahamia kuume bila aibu. Papa mmoja tu akabaki kushoto: "Radio yenu iko nadanganya watu."

Mama akamkabidhi kamba ya ng'ombe.

Miaka yote ya vita nimepambana na habari za uongo. Hii moja imerudisha ng'ombe nyumbani.