Baka Lisilowasha

Siku yangu ya kwanza wodini, Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, alinikabidhi beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni. Nilijisikia kudharauliwa. Nimefaulu uuguzi vizuri, halafu naanza kazi kwa kuogesha watu?

"Daktari anasoma faili," akaniambia. "Wewe unayeogesha unaona mwili mzima. Usinitakatishie mgonjwa ambaye hujamwangalia."

Basi nikaangalia. Jamani, ngozi za wagonjwa wetu! Huyu kalazwa kwa malaria, kumbe katikati ya vidole ana upele, ule unaowasha usiku na kuambukiza nyumba nzima. Yule kavunjika mguu, kichwani ana mapunye. Kwenye mafaili hayamo, maana hakuna aliyekuja hospitali kwa ajili hiyo. Mkulima na mfugaji wa kwetu wanaona kujikuna ni sehemu ya maisha. Nikawa nayaandika mwenyewe ukurasa wa nyuma, na wenzangu wakanibatiza Sista Ngozi. Nililipenda jina hilo na bado nalipenda.

Nikahamishiwa hospitali nyingine ya mkoa huuhuu, na jina likanifuata. Huko akalazwa Zaituni, mama wa umri mdogo kutoka kijiji cha Sepuka, ameungua kiganja kwa sufuria ya ugali. Ilikuwa mara ya tatu msimu ule. Mama mkwe wake alinieleza waziwazi, "Huyu ni mzembe, Sista. Akitoka hapa arudi kwao."

Nilipomwogesha nikaona baka lililofifia rangi karibu na kiwiko.

"Linawasha?"

"Haliwashi, wala halinisumbui."

Hapo nilikosea. Nikampaka dawa ya fangasi nikapita. Siku tatu nzima nilipaka, na najua kwa nini: nilijiona nimeshayaona yote. Siku ya nne nikambandua bandeji iliyogandia kwenye kidonda, na yeye anaendelea kunisimulia habari za alizeti zake. Hakushtuka hata kidogo. Nikamwambia afumbe macho, nikamgusa kwa kipande cha pamba, aonyeshe kila ninapogusa. Begani alionyesha. Kwenye baka na kidole cha mwisho, hakuonyesha kitu.

Nikamfuata Mganga Mfawidhi, daktari mkuu wa pale.

"Sista Ngozi," akasema bila kuinua kichwa, "mgonjwa ana jeraha la moto. Tibu jeraha."

"Naomba umguse mwenyewe, Daktari. Kidole kimeanza kujikunja. Tukichelewa, mkono huu unakwenda."

Akaja, akamgusa. Akaagiza aitwe mratibu wa kifua kikuu na ukoma. Zaituni alianzishiwa vidonge vya ukoma pamoja na vya kutuliza mishipa ya fahamu iliyovimba. Mama mkwe nilimweleza mwenyewe kwamba si uzembe, ukoma ndio uliomfanya mkwewe asisikie moto, na sikumpunguzia maneno. Kesho yake Mganga Mfawidhi akatangaza kwamba kila anayelazwa ataangaliwa ngozi kwanza.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani kwangu mtaa wa Utemini. Siku hizi ndugu ndio wanaoogesha wagonjwa, na wauguzi wana kazi nyingi. Nawaelewa, lakini wanangu, nani anaangalia?

Mwaka jana Zaituni alinitembelea. Gauni langu lilikuwa limekatika kifungo, akaomba sindano anishonee. Nilikaa namtazama anavyopitisha uzi kwa mkono uleule.

"Aii!" akaruka, akakinyonya kidole cha mwisho. "Imenichoma, Sista."

Nikamwomba samahani, huku nacheka na kulia kwa pamoja.