Nilificha Barua ya Ubatizo ya Veronika

Ejok kwenu nyote. Admin, ficha jina langu kabisa. Mkitaka kunitukana tukaneni, lakini mnisome mpaka mwisho. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, Mturkana wa Lorugum, na mwaka huu wa 2013 naingia kidato cha nne katika shule moja ya masista hapa Lodwar. Shule siitaji. Mimi ndiye kiongozi wa kanisa, kwa hivyo anzeni kucheka sasa.

Somo wa shule yetu, yaani mtakatifu msimamizi wetu, ni Mtakatifu Agnes. Kila Januari, siku ya sikukuu yake, msichana mmoja huvaa nguo nyeupe na shela, akabeba mwanakondoo mpaka altareni. Padri humbariki mwanakondoo, halafu anapelekwa jikoni tunamla. Kumbeba ni heshima, wazazi hupigiana simu. Mwaka jana nilijua ni zamu yangu. Nani alikuwa anafagia sakristia? Nani alikuwa anapiga pasi vitambaa vya altare? Sista mkuu akamchagua Veronika.

Veronika ni Mdinka, anatoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mrefu, mpole, sauti yake ikiimba hata wapishi wanatoka nje kusikiliza. Roho iliniuma, siwadanganyi. Hawa wa kambini wanalipiwa karo, wanaletewa magodoro, na sasa hata Agnes ni wao? Sisi wenyeji tubebe nini, kuni?

Mwaka huo Askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara siku hiyohiyo, kwa hivyo Sista akataka cheti cha ubatizo kwa kila mtu. Veronika hakuwa nacho, kanisa lao lilichomwa vitani. Lakini katekista aliyembatiza akiwa mchanga alikuwa bado Kakuma, anafunga mizigo arudi Sudan Kusini. Mama yake Veronika alimwomba aandike barua, akaandika, akaenda zake. Dereva wa pikapu aliyeileta alinikuta mimi getini. "Mpe Sista," akasema. Nilikubali, kisha nikaifungua. Jina, mwaka, mashahidi, sahihi, yote yalikuwamo. Nikaikunja, nikaitia ndani ya kitabu changu cha nyimbo.

Asubuhi ya sikukuu Veronika alikuwa ameshavaa, mwanakondoo mikononi, maandamano yamepangwa. Sista akamwuliza mara ya mwisho, "Barua iko wapi?"

"Sista, mama alisema imetumwa."

"Mama alisema, mama alisema! Na komunyo umekuwa ukipokea kwa ruhusa ya nani?"

Mbele ya shule nzima, jamani. Akamvua shela, akanivika mimi, akanipa na mwanakondoo. Nilitembea mpaka altareni na sikugeuka nyuma hata mara moja.

Bado sijafika pabaya. Mchana tulipopanga foleni ya nyama, Veronika alikuja na sahani yake. Nikasema kwa sauti, "Nyama ya Agnes ni ya waliobatizwa." Foleni nzima ikaangua kicheko. Akarudi bwenini na sahani tupu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Veronika tena. Akawa Achol, jina la kwao, na wengine wakamwita Mpagani.

Likizo ya Agosti alienda kambini, akamwita mama yake mwongo. Mama akaapa kwamba katekista aliandika. Achol akamjibu, "Umenidanganya mimi, umemdanganya mpaka Mungu." Mama alikuwa mgonjwa tayari. Shule ilipofunguliwa hazikupita wiki mbili, akafariki. Hawakuwa wamesemezana.

Najuaje? Achol aliniambia mwenyewe, kwa sababu Sista alinipa mimi kazi ya kumfundisha katekisimu ili abatizwe. Ndiyo, mimi! Kila Alhamisi tunakaa benchi la nyuma kanisani. Siku moja nilimwuliza swali la kitabuni, "Ubatizo hupokewa mara ngapi?" Akajibu, "Mara moja tu," akatabasamu kwa kuwa amepata. Niliangalia sakafu.

Atabatizwa sikukuu ya Agnes mwezi huu. Siku ya kufunga shule alinishika mkono, akaniambia, "Dada, nataka wewe ndio usimame na mimi kama mama wa ubatizo. Wengine wote walinitupa, ni wewe ulinifundisha. Na hilo jina la Veronika sitaki tena, ni uongo wa mama. Nataka nibatizwe na jina yako."

Nikamwambia sawa. Ningesema nini?

Ndugu zangu, barua bado ninayo, iko kwenye kitabu kilekile. Nikiitoa nitafukuzwa kabla ya mtihani wa mwisho, na mama yangu Lorugum ameniweka ukutani, picha yangu na mwanakondoo. Hilo naweza kulibeba, nilijitakia. Linaloninyima usingizi ni kwamba Achol akiisoma, atajua mama yake alisema kweli, na mama yuko kaburini Kakuma, Achol hawezi tena kumwomba msamaha. Nikinyamaza, Padri atammwagia maji mtu aliyekwisha kubatizwa, mkono wangu ukiwa begani mwake, na yeye atamkana mama yake kwa furaha.

Tunafungua shule Jumatatu. Nishaurini nyinyi mnaomjua Mungu kuliko mimi: nimpe barua ya mama yake, au nimwache aitwe jina langu maisha yake yote?