Adhana kwa Mlio wa Blenda

Baba mkwe wangu alikuwa imamu Ethiopia enzi za wakomunisti. Msikiti wake waliugeuza ghala la mahindi, kwa hiyo akawa anawaswalisha watu jikoni kwake, mkewe akitwanga kahawa kwa nguvu ili majirani wasisikie. Sasa tunaishi naye huku ughaibuni, hapa Brooklyn Park, na sijawahi kumsikia akiadhini.

Binti yetu alipozaliwa nilimwomba amwadhinie sikioni. Akampakata, kisha akanionyesha blenda, niiwashe. Nilipandwa na hasira. Nikamwambia, “Baba, ile serikali ilishakufa. Hapa hata ukipaza sauti, jirani atadhani ni televisheni.” Akaitikia kwa kichwa, lakini hakufungua mdomo mpaka nilipoiwasha, tupu, ikinguruma mezani.

Akainama, akanong’ona. Niliona midomo ikicheza, neno sikusikia hata moja. Mtoto akashtushwa na ule mlio, akaanza kulia. Nilidhani atambembeleza kama babu mwingine yeyote. Badala yake alimziba mdomo kwa kiganja, taratibu, huku akiutazama mlango.