Vifaranga wa Kijani

Kifaranga wa kwanza nilimkuta ametanua miguu, hawezi kusimama. Nikamgeuza. Yesu wangu! Chini ya ngozi ya kifua maji yamejaa, ya kijani iliyochanganyika na bluu. Kufikia jioni walikuwa wamekufa sita.

Mimi nilijua tu ni zebaki. Mume wangu alikuwa anachomea dhahabu nyuma ya nyumba yetu hapa Kalangalala, hatua chache kutoka bandani, na zebaki anayokamatia dhahabu yote inapanda na ule moshi. Binti yetu wa miaka mitatu alikuwa anashinda na vifaranga, anachezea vumbi lilelile wanalodonoa. Nilimnyanyua nikamwosha vile vidole vyake.

"Umemaliza kuku, sasa unataka kumuua na mtoto?" nilimfokea mume wangu.

"Wewe nawe kwa maneno! Kideri hicho, ugonjwa wa kuku tu," akasema, wala hakuinua macho.

Nikamwita daktari wa mifugo, nikamweleza hofu yangu ya zebaki. Akampasua kifaranga mmoja mbele yetu, kisha akauliza ninawalisha nini. Nikamwambia nachanganya mwenyewe: mahindi, pumba, mashudu ya pamba. Dagaa niliacha kuweka tangu walipoadimika.

"Basi hii si zebaki, mama. Wamekosa seleniamu. Ni madini, yanahitajika kidogo sana, na kwenye dagaa yamo."

Akanipa unga wa seleniamu na vitamini E wa kutia kwenye maji, akanionya kipimo kisizidi hata chembe, kwa sababu seleniamu yenyewe ikizidi ni sumu. Kila asubuhi nilipima mara mbili kabla ya kutia. Baada ya siku nne vifo vikakoma, waliobaki wakawa wanagombania chakula.

Mume wangu alivyotamba! "Zebaki, zebaki! Umeona sasa?" Siku hiyohiyo akawasha jiko lake la kuchomea dhahabu.

Daktari alipokuja kuwaangalia kuku, mume wangu akiwa kwenye jiko lake bado ananicheka, nilishindwa kujizuia. "Daktari, na mtoto je? Na yeye hana zebaki?"

Akamtazama binti yangu, akautazama moshi. "Mama, kuku nilimpasua ndiyo nikajua. Huyu mpelekeni hospitali akapimwe. Leo."

Mume wangu akaacha kucheka. Akamwaga ndoo nzima ya maji kwenye makaa, akamnyakua mtoto, na mimi natoka ndani na kanga mkononi nikamkuta ameshafika barabarani, anakimbia peku. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana mume wangu sijawahi kumwona akiogopa.