Mume Wangu Anawaandalia Watoto Dawa ya Zebaki

Mhariri, usiandike jina langu wala la kijiji. Hata majina yaliyomo humu nimeyabadilisha, maana gazeti hili hufika hadi kwetu. Nina miaka ishirini na saba, ni mkulima wa pamba upande wa Kharumwa, na nina mtoto mmoja, Kabula, wa miaka minne. Nina hofu ambayo sina wa kumwambia, ndiyo maana nawaambia ninyi nisiowajua.

Mume wangu, Baba Kabula, si mlevi na hajawahi kuniinulia mkono. Kabla ya kunioa alikuwa mpishi kwenye misheni moja upande wa Ushirombo. Padre mzee wa hapo, Mzungu, alikuwa na sanduku la vidonge vidogo vitamu vya tiba inayoitwa homeopathi. Alimweleza kwamba kinachomuumiza mtu mwenye afya ndicho kinachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo hizo, ila kwanza kipunguzwe kwa maji na kutikiswa, kipunguzwe tena na kutikiswa, hadi karibu kisibaki kitu. Tena mgonjwa apewe dawa moja tu, kidogo, bila kuchanganya na nyingine. Padre aliporudi kwao Ulaya alimwachia sanduku, naye akaanza kutibu watu.

Sitaki kusema uongo, mimi nilimpendea hilo sanduku. Nilikwenda kwake nikiwa msichana, kichwa kinanigonga, akaniuliza kama napenda chumvi, nalalia ubavu upi, naogopa radi au siogopi. Kwetu hakuna aliyewahi kuniuliza naogopa nini. Kichwa kikapona, kama ni vidonge au ni yale maswali sijui, na posa ikaletwa.

Sasa vidonge vya padre vimekwisha, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Masika haya Kabula aliota vidonda mdomoni, homa ikapanda, mate yakawa yanamchuruzika hadi gauni linalowa. Zahanati wakasema dawa hakuna, nimpeleke hospitali ya Kolandoto. Baba Kabula akakataa.

"Umewaona wachimbaji wanaochoma zebaki ili wapate dhahabu?" akaniuliza. "Midomo inawavimba, mate yanawatoka. Sasa mtazame mtoto. Dalili ni zile zile, Mama Kabula! Dawa yake ni zebaki."

"Mayu wane, mama yangu! Baba Kabula, zebaki ni sumu."

"Ikipunguzwa si sumu tena. Hata padre alikuwa nayo kwenye sanduku."

Akaenda machimboni, akarudi na tone la zebaki ndani ya nailoni. Akalitia kwenye chupa ya maji, akaitikisa akiigongesha kwenye jalada la kitabu cha nyimbo kama alivyomwona padre akifanya. Akamwaga maji, akaongeza mengine, akatikisa tena. Lakini wasomaji, zebaki haiyeyuki kwenye maji. Kila alipomwaga, lile tone lilibaki chini, linang'aa, zima kabisa. Nikamwonyesha. Akasema nguvu yake imeshaingia kwenye maji. Maji hayo akayatia kwenye kichupa kidogo, akampa mtoto kijiko kimoja.

Akapiga marufuku kahawa, aspirini na dawa ya kuchua, eti vitaua dawa. Jioni mtoto akazidiwa, akawa anaweweseka. Mimi nalia, yeye anafurahi!

"Ugonjwa ukizidi kwanza, ujue dawa imeshika," akasema.

Jamani, hapo ndipo nilipomwogopa mume wangu. Kama mtoto kupata nafuu ni dalili nzuri, na kuzidiwa ni dalili nzuri pia, ni kitu gani kitakachomwambia aache?

Kesho yake alipokwenda shambani nilimwaga kile kichupa nyuma ya choo, nikakiosha, nikakijaza maji yaliyochemshwa. Maji ni maji, hakugundua. Basi akawa anamnywesha mtoto maji matupu, na mimi namsafisha mdomo kwa maji ya chumvi na kumpa uji mwembamba. Taratibu homa ikashuka, vidonda vikakauka, Kabula akaomba ugali. Nilimshukuru Mungu, nikadhani yamekwisha.

Kumbe nimejichongea. Baba Kabula alisimama kanisani mbele ya watu, machozi yanamtoka, akasema zebaki imemponya mwanawe. Sasa wachimbaji wanamletea zebaki kama zawadi. Amepanga chupa ukutani, na anasema siku ya mnada wa mwezi ujao, watu wakijaa sokoni, ataanza kuwagawia watoto wote wenye mate na vidonda. Wa kwanza ni mtoto wa jirani yetu Mama Masanja, ana miezi sita.

"Baba Kabula, naye huyu mate hayakauki," Mama Masanja alimwambia. "Nisaidie kama ulivyomsaidia Kabula."

"Usijali, mayu. Huyu atapona."

Nikisema ukweli, najua atakavyojibu: kijiko kile cha kwanza ndicho kilichomponya, kwa kuwa dawa yenyewe hutolewa mara moja, tena kidogo. Nimeshamsikia akiwaambia wagonjwa hivyo. Halafu atajua kwamba mkewe amemdanganya ndani ya nyumba yake, na akinirudisha kwetu, Kabula atabaki naye, maana mahari ilitolewa yote. Nikinyamaza, watoto wa watu watakunywa, na chupa zote zile siwezi kuzibadilisha.

Jana Mama Masanja aliniachia mtoto akateke maji. Nilimpakata, nikamtia kidole mdomoni kutafuta kidonda. Hakuna kidonda. Aliniuma. Ni jino, wasomaji, jino la kwanza tu linatoka! Mama yake aliporudi na ndoo nilifungua mdomo nimwambie, nikamwona Baba Kabula amesimama mlangoni anatutabasamia, nikamrudishia mtoto wake tu. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini kabla ya mnada?