Neno Moja la Kuupumzisha Mkono

Fundi cherehani wa chumba cha pili anaapa kwamba jana asubuhi alisikia ukelele, akatoka mbio na mkasi mkononi akidhani ni nyoka, akamkuta jirani yake amepanda juu ya meza anacheza.

“Juu ya kiti!” anasahihisha jirani mwenyewe, anacheka mpaka machozi. “Fundi naye kwa kutia chumvi! Meza ile ingenibeba mimi?”

Wenzake ofisini humwita Dada Bandeji, kwa kitambaa kinachofunga kifundo cha mkono wake wa kulia. Ana miaka thelathini na mmoja, anatengeneza tovuti za maduka. Msaidizi wake ni akili mnemba iliyo ndani ya dirisha jeusi la kompyuta, lisilo na picha wala vitufe, maandishi matupu. Yeye anauliza, msaidizi anamwandikia msimbo, yale maagizo yanayoiendesha tovuti.

Kazi ilikuwa kuutoa humo. Abane kipanya, aburute toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, anakili, akabandike kwingine. Alihesabu siku moja: mara mia na arobaini. Kidole kikiteleza, aanze upya. Na akifaulu, mistari mirefu inakuja imekatika vipandevipande, tovuti inagoma.

“Nilikuwa siwezi hata kushika kitana,” anasema. “Mume wangu ndiye anayenichana. Anachana kama anafyeka shamba!”

Daktari alimwambia aupumzishe mkono. Bosi akamwambia, kwa upole lakini bila kupindapinda, kwamba asipoongeza kasi kufikia Ijumaa, kiti chake atakikalia mwingine.

Basi akamgeukia msaidizi yuleyule. Siku nne walisaidiana kuandika kiendelezi, programu ndogo ya kumwongezea msaidizi uwezo. Unaandika neno moja tu, nakili, na jibu la mwisho linanakiliwa lote, safi, mistari imenyooka. Kilichobaki ni kubandika.

Mwanzoni kilinakili swali lake badala ya jibu. Juu ya picha za viatu vya mteja pakatokea: “Jamani, mbona hunielewi?”

“Mteja akapiga simu, ananiuliza, ‘Dada, nimekosa nini?’”

Jana asubuhi, kabla hajatoka nyumbani kwenda kazini, kikakubali. Ndipo fundi akaja na mkasi.

Leo ni Ijumaa. Bosi ameketi mbele ya kompyuta ya Dada Bandeji. Anaandika nakili, anabandika. Mistari mia tatu inashuka kama maji.

“He! Haukukatika hata mmoja?”

“Jaribu tena, bosi. Haiumi.”

“Niwekee mimi kwanza!” mwenzake anadakia nyuma.

“Panga foleni, wewe uliyenipa jina la bandeji!”

Dada Bandeji anataka kukigawa kiendelezi hicho bure kwa kila mwenye mkono unaouma, popote alipo. Lakini kwanza anainama karibu na bega la bosi.

“Bosi, na kiti changu? Nibaki nacho?”

“Baki nacho, ila ningoje nimalize,” bosi anasema bila kuinua macho. Anaandika nakili kwa mara ya sita.